Nguzo Zilizoziba Picha ya Mtukufu

Iko nchi moja ambayo haionekani vizuri kwenye ramani, kwa sababu kila inapochorwa, kamati huketi kuirekebisha. Wenyewe wanaiita Jamhuri ya Sifuni. Ni nchi nzuri. Mvua zinanyesha kwa wakati wake, mahindi yanakomaa, na hakuna kitu cha umma kisichozinduliwa. Jiwe la msingi huzinduliwa, ukuta wa kwanza huzinduliwa, bomba huzinduliwa hata kabla maji hayajakubali kuja. Wizara inayosimamia mambo hayo ni Wizara ya Majengo na Shangwe, nayo hutenda haki: shangwe kwanza, majengo baadaye kikibaki kitu.

Katika nchi hiyo alizaliwa binti aitwaye Sikudhani. Alizaliwa sakafuni, kwenye ujia wa hospitali, kati ya ndoo ya deki na miguu ya watu waliokuwa wakienda kupima malaria. Mama yake, Mwalimu Mwasiti, aliyefundisha shule ya msingi mpaka akastaafu, alikuwa akiisimulia habari hiyo bila uchungu, kama mtu anayesimulia safari ya basi lililochelewa.

"Nilikuwa natazama dari," alisema kila mara. "Pale juu pana doa la maji lenye umbo la bata. Nikajiambia, Mwasiti we, nikitoka hapa salama, bata sitamla maisha yangu yote."

Watu walicheka. Sikudhani naye alicheka, lakini alipofika umri wa kuchagua masomo hakusitasita. Alisema anataka kuwa msanifu majengo, na jengo lake la kwanza litakuwa wodi ya wazazi ambamo mwanamke akilala ataona kitu kingine zaidi ya bata.

*

Chuo Kikuu cha Sifuni kilikuwa na studio moja ya usanifu, chumba kirefu chenye meza za kuchorea na paa lililovuja kwa uaminifu. Mkuu wa studio alikuwa Profesa Ngalapa, mtu mrefu mwenye sauti ya taratibu, aliyeweza kuutazama mchoro wako kwa kitambo kirefu mpaka ukaanza kuuonea aibu mwenyewe kabla hajasema neno. Akisema, alisema la kweli. Mwanafunzi mmoja alipowahi kuchora ngazi isiyofika popote, Profesa alimwambia tu, "Panda." Kijana aliirudia kazi yake mwezi mzima.

Sikudhani alimpenda mzee huyo kama mzazi. Haikuwa bure. Baba yake alipofariki, yeye akiwa mwaka wa pili, Profesa alikuja msibani, akavua viatu, akashuka kaburini pamoja na wajomba kuupokea mwili. Mtu aliyeingia kaburini na baba yako humwiti mwalimu tu. Tangu siku hiyo mzee alimwita "mwanangu", naye Sikudhani akawa anampelekea michoro yake kabla ya kumwonyesha mtu mwingine yeyote.

"Mwanangu," alimwambia siku moja, "katika miaka yangu yote hapa nimefundisha wachoraji. Wasanifu nimefundisha wachache mno. Siku nitakayokuita msanifu, ujue umekuwa."

Sikudhani aliisubiri siku hiyo kama wenzake walivyosubiri digrii.

Mwaka wa mwisho ulipofika, akaichora wodi yake. Kila kitanda alikipa dirisha, na dirisha akaliteremsha mpaka usawa wa macho ya mtu aliyelala. Katikati aliweka ua wenye mti wa kivuli, ili mama mwenye uchungu atembee bila kugongana na wanaokwenda kupima malaria. Nje aliweka mabaraza mapana kwa ajili ya mawifi na mama wakwe, maana alijua watakuja tu hata wakikatazwa. Na kwa kuwa kiwanja alichopewa kilikuwa na udongo wa mfinyanzi, ule unaovimba mvua ikinyesha na kupasuka jua likiwaka, alipanga nguzo nyingi, zilizokaribiana, kama watu walioshikana mikono kwenye matope.

Siku ya kutetea mradi, jopo liliketi. Afisa kutoka Wizarani aliuliza jukwaa la wageni rasmi liko wapi. Sikudhani alijibu kwamba katika wodi ya wazazi mgeni rasmi ni mtoto. Afisa aliandika jibu hilo na kulipigia mstari kwa wino mwekundu. Lakini Profesa Ngalapa alizunguka ule mfano wa kadibodi, akainama mpaka jicho lake likawa usawa wa kitanda kidogo kilichotengenezwa kwa kijiti cha kiberiti, akachungulia nje kupitia dirisha.

"Nauona mti," alisema.

Sikudhani alitoka nje akalia kwa furaha nyuma ya tangi la maji.

*

Sifa zilifika kwa Waziri. Mheshimiwa Nderemo, Waziri wa Majengo na Shangwe, alikuja studio na msafara, bendi na mtu wa kumshikia miwani. Aliutazama ule mfano, kisha akatoa tamko lililosomwa redioni wiki nzima.

"Hili," alisema, "ni jengo. Limefanana na jengo kabisa. Serikali yangu sikivu imelisikia jengo hili. Tutalijenga mara mbili, moja Mashariki ya jiji na jingine Magharibi, ili hata jua likichomoza au likizama, lisikose la kuona!"

Makofi yalipigwa. Ubao mkubwa ukasimamishwa kila kiwanja. Juu kabisa uliandikwa Mwasisi wa Wazo, ambaye ni Mtukufu Rais. Chini yake Msanifu wa Maono, Mheshimiwa Nderemo. Chini yake Mshauri Mkuu, Profesa Ngalapa. Jina la Sikudhani halikuwepo, kwani sheria ya Sifuni inakataza mtu ambaye hajasajiliwa kuwa msanifu kutajwa kwenye ubao, na ili kusajiliwa ni lazima kwanza utajwe kwenye ubao.

"Usijali, mwanangu," Profesa alimwambia. "Niachie mimi. Nitalirudisha jina lako mahali pake."

Sikudhani hakujali. Alikuwa na mengine ya kufurahia. Kila alipopata nafasi alikwenda kiwanja cha Mashariki, akasimama pembeni ya lori za kokoto, akatazama nondo zikisimama mahali ambapo penseli yake ilipita.

Hapo ndipo siku moja alipoona nafasi tupu. Kwenye ukumbi wa mapokezi, zile nguzo zilizokaribiana hazikuwepo. Palikuwa peupe kama uwanja wa mpira. Akatazama juu, akaona mafundi wakipanga mbao za kumwagia zege la ghorofa ambayo yeye hakuichora.

Msimamizi wa kazi alimweleza kwa fahari. Kamati ya Uzinduzi ilikuwa imekaa, ikagundua kwamba ukisimama mlangoni, nguzo zinaziba picha ya Mtukufu itakayowekwa ukuta wa mbele. Nguzo inayomziba Rais ni nguzo ya upinzani. Zikaondolewa. Na ile ghorofa ya juu ni ya Mheshimiwa kupumzikia baada ya kukata utepe, maana kukata utepe kunachosha.

Sikudhani alikimbia mpaka ofisini kwa Profesa, vumbi la saruji kichwani.

"Profesa, wametoa nguzo! Na wameongeza ghorofa! Udongo ule hautaubeba mzigo huo, unajua hautaubeba."

Profesa alivua miwani, akaifuta taratibu. "Najua, mwanangu."

"Litaanguka."

"Najua. Kaa. Kunywa maji." Alimmiminia mwenyewe. "Umefanya vizuri kuja kwangu. Usiende kupiga kelele kwa watu, utaharibu. Niachie mimi. Nitamwona Waziri na nguzo zitarudi."

"Na kiwanja cha Magharibi?"

"Zote. Nakuapia kwa yule tuliyemzika."

Mtu akikuapia kwa baba yako, utamwomba kiapo gani kingine? Sikudhani akanywa maji, akaenda nyumbani, akalala usingizi mzuri.

*

Wodi ya Magharibi ilimalizika kwanza, ikafunguliwa harakaharaka ili iwahi siku ya kuzaliwa ya Mheshimiwa. Sikudhani hakualikwa. Profesa alimwambia nguzo zilirudishwa, ila zimefichwa ndani ya kuta kitaalamu. Wazazi wakaanza kuletwa humo, wakalala, wakajifungua.

Wodi ya Mashariki ilianguka wakati kwaya ya Wizara ikifanya mazoezi ya wimbo wa shukrani nje yake. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima. Wanakwaya walisema jengo lilitoa sauti kama mtu anayekohoa kabla ya kuhutubia, kisha likakaa chini. Ndani yake walikuwa fundi rangi aitwaye Chamwingi na mama lishe aliyekuwa amewapelekea mafundi uji.

Taarifa ya serikali ilisema hakuna aliyekufa. Ilisema watu wawili wamestaafu ghafla.

Jioni hiyo ule ubao mkubwa ulishushwa. Asubuhi yake ulisimama mwingine, mpya, unaonuka rangi. Mwasisi hakuwepo. Msanifu wa Maono hakuwepo. Kulikuwa na jina moja tu, limeandikwa kwa herufi kubwa zisizo na aibu: SIKUDHANI.

Hakujua mpaka jirani alipokuja kumpongeza. Alipofungua televisheni na mama yake, wakamkuta Profesa Ngalapa, tai shingoni, sauti yake ile ile ya taratibu.

"Mimi nilikuwa msomaji tu wa michoro yake," alikuwa akisema. "Binti ana kipaji, lakini ana kiburi cha ujana. Alitaka ukumbi mweupe, usio na nguzo. Nilimsihi aongeze nguzo. Nilimsihi kama mzazi. Hakunisikia."

Mwalimu Mwasiti alinyoosha mkono akazima sauti. Wakabaki wanamtazama mzee yule akifungua na kufumba kinywa. Sikudhani alijaribu kukasirika, hasira ikakataa kuja. Kilichomjia ni ile picha ya mzee akiwa ndani ya kaburi, mikono imeinuliwa, akimpokea baba yake. Alijiuliza kama siku ile pia mzee alikuwa akijua atakayomtenda.

Alipopata nguvu alikwenda Wizarani, akawaambia jambo moja: jengo la Magharibi ni pacha wa lililoanguka, na limejaa wazazi. Wahamisheni. Afisa alimsikiliza kwa heshima, kisha akamweleza kwamba kuwahamisha wazazi ni kukiri kuwa jengo ni bovu, kukiri kunahitaji kibali, na mwenye kutoa kibali ndiye aliyelizindua.

*

Sasa serikali ikakutana na kikwazo. Ilitaka kumwadhibu Sikudhani kama msanifu, yaani kumfuta kwenye usajili wa wasanifu mbele ya wananchi. Lakini Msajili wa Baraza la Wasanifu, Bwana Katiti, mtu mwembamba anayeheshimu sheria kuliko chakula, alikohoa akasema, "Waheshimiwa, hatuwezi kumfuta. Hayumo."

Wakajadili. Mwisho wakaona njia iliyonyooka: wamsajili asubuhi, wamfute alasiri. Miaka ya mazoezi ya kazi wakamsamehe. Mtihani wakaufupisha ukawa swali moja, "Jengo ni nini?", na jibu lolote likahesabiwa sahihi.

Wito wa kuapishwa ulipomfikia, mama yake aliusoma mara mbili na macho yakamng'aa. "Umeona? Wameujua ukweli. Wanakurudishia haki yako." Sikudhani alitaka kumwambia asubiri kwanza, lakini Mwalimu Mwasiti alikwisha kutoa kabatini kitenge chake cha harusi za watu.

Asubuhi hiyo ukumbi wa Baraza ulijaa. Sikudhani aliulizwa jengo ni nini. Akajibu, "Ni kitu ambacho mtu aliye ndani yake hafikirii kuanguka." Bwana Katiti akasema sahihi. Mama yake akapiga vigelegele peke yake, na maafisa, kwa kutojua kama vimo kwenye ratiba, wakamuunga mkono.

Kisha akapewa kiapo asome. Kilikuwa kirefu, cha kuahidi kuilinda heshima ya taifa na kuchora pale atakapoambiwa. Lakini karibu na mwisho palikuwa na kifungu cha zamani, kimesahaulika humo kama pini ndani ya shati jipya. Kilisema msanifu aliyesajiliwa ana mamlaka ya kutia alama nyekundu ya X kwenye jengo lolote analoona linahatarisha maisha, na jengo hilo lazima lihamwe papo hapo, bila kumwomba mtu yeyote kibali.

Sikudhani alikisoma kifungu hicho kwa sauti. Akakirudia. Watu walidhani ni wasiwasi. Bwana Katiti peke yake aliinua macho akamtazama, kisha akayarudisha chini kwenye karatasi zake, akasema kwa upole, "Endelea, Msanifu."

Baraza likaahirishwa kwa chakula cha mchana. Kilikuwa pilau, na pilau ya serikali ya Sifuni hailiwi kwa haraka.

Sikudhani alimwambia mama yake amsubiri. Akaingia duka la vifaa vya ujenzi ng'ambo ya barabara, akatoka na kopo la rangi nyekundu na brashi, akakodi bodaboda mpaka Magharibi.

Muuguzi mkuu wa wodi, Sista Eufrasia, alimkuta mlangoni akichora X kubwa kuliko yeye mwenyewe, rangi ikimchuruzika mpaka kwenye kiwiko cha gauni la kuapishwa.

"Wewe binti, unafanya nini kwenye mlango wangu?"

"Mimi ni msanifu majengo, Sista. Nimeapishwa leo. Jengo hili litaanguka kama lile. Naomba uwatoe wote."

Sista alimtazama. Halafu akamshika mkono, akampeleka ndani, mpaka kwenye ile picha ya Mtukufu. Akaisogeza. Ukutani palikuwa na ufa ambao kiganja kingeingia.

"Nimeliomba hili lisemwe na mtu mwenye mamlaka tangu walipotufungulia," alisema. "Waliniambia niisogeze picha iuzibe." Kisha akageuka, akapiga kelele kwa sauti iliyozoea kushindana na uchungu: "Haya akina mama! Wanaoweza kutembea, tutembee! Wasioweza, tunawabeba!"

Wakatoka. Walitoka na mabeseni, na khanga, na chupa za chai, na watoto wa jana na wa juzi, mawifi wakibeba vitanda huku wakilalamika. Wakajipanga chini ya turubai za shule iliyo jirani. Sikudhani alimbeba mtoto mmoja ambaye hakujua ni wa nani, mpaka mama wa mtoto alipokuja kumchukua, akamuuliza Sikudhani kwa nini ana rangi mikononi.

*

Alasiri alirudi ukumbini. Habari zilikuwa zimetangulia. Mheshimiwa Nderemo alikuwa amesimama, mnofu mkononi, akidai X ile ifutwe mara moja kwa kuwa binti huyu si msanifu wa kitu chochote.

Bwana Katiti alikohoa. "Mheshimiwa, kama asubuhi hakuwa msanifu, basi hata jengo la Mashariki halikuwa na msanifu. Itabidi tuurudishe ule ubao wa kwanza. Tuurudishe?"

Waziri alikaa chini, akaumalizia mnofu wake.

Ikabaki kazi ya kumfuta. Profesa Ngalapa aliitwa kama shahidi. Alisimama hatua chache kutoka kwake, bila kumtazama.

"Unamtambua huyu?" aliulizwa.

"Namtambua."

"Ni nani?"

Profesa alivua miwani, akaifuta. "Ni msanifu majengo," alisema.

Sikudhani alikuwa ameisubiri sentensi hiyo kwa miaka, kutoka kwenye kinywa kile kile. Alikuwa amejiandalia hata namna ya kuipokea. Sasa ilipokuja ilimwingia kama mwiba wa samaki, akashindwa kuimeza na akashindwa kuitema. Aliinua uso akamtazama mzee mpaka mzee akalazimika kuitazama dari.

Wakamfuta. Alikatazwa kuchora jengo maisha yake yote, hata banda la kuku. Mahakamani hakupelekwa, kwani kesi ingehitaji mashahidi, na mashahidi wangeulizwa maswali.

Mama yake alikuwa bado amekaa pale alipoachwa, kitenge kimejikunja. Hakuwa amefuata lugha yote ya Baraza.

"Siku, mwanangu. Sasa umekuwa, au hukuwa?"

"Nilikuwa, mama. Asubuhi."

*

Wodi ya Magharibi ilianguka masika yaliyofuata, tupu. Serikali ilitangaza kwamba jengo limeanguka kwa mujibu wa ratiba. Kabla ya hapo Mheshimiwa Nderemo alikuwa amekwishaizindua ile X kama mafanikio ya Wizara katika kulinda afya ya mama na mtoto, na Profesa Ngalapa aliteuliwa kuwa Mshauri Mkuu wa Alama.

Siku moja mchana, Sikudhani akiwa nyumbani akisahihisha madaftari ya watoto wa masomo ya ziada, alisikia hodi. Alipofungua alimkuta Profesa. Alikuwa amezeeka. Kwapani alikuwa na karatasi ndefu ya kuchorea, imeviringishwa, na jasho lake limeilowesha.

"Mwanangu," alisema.

Sikudhani alibaki ameshika kitasa cha mlango.

"Wameniagiza wodi ya tatu. Safari hii wamekubali nguzo. Nimejaribu kuchora, mwanangu. Kila nikichora, jengo linasimama, lakini nikilala kwenye kile kitanda sioni mti." Akaiinua ile karatasi kidogo. "Hakuna atakayejua. Utachora, mimi nitasaini. Wazazi wanalala sakafuni tena. Wewe si mtu wa kuwaacha sakafuni."

Hapo alimgusa, na mwenyewe alijua amemgusa. Mkono wa Sikudhani ulinyooka wenyewe kuipokea karatasi, kwa mazoea ya miaka ile ya studio. Akautazama mkono wake. Akaurudisha.

"Madirisha yateremshe," alisema. "Yateremshe mpaka magotini kwako. Zaidi ya hapo sina la kukupa, Profesa."

Mzee alisubiri, labda alidhani atakaribishwa chai. Halafu akaaga, "Haya, kwaheri, mwanangu," akashuka kibarazani akiwa ameikumbatia karatasi yake kwa mikono miwili. Sikudhani alifunga mlango, akaegemeza mgongo wake hapo mpaka nyayo za mzee ziliposikika zikifika barabarani.

"Nani alikuwa hapo?" mama yake aliuliza kutoka jikoni.

"Mgeni, mama," alisema. "Amekosea nyumba."